Polisi Wachache, Macho Mengi: Somo Juu ya Vita vya Dawa za Kulevya Mjini Kwetu

Siku moja katika kipindi cha Uraia nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Tatu kazi za Jeshi la Polisi. Nilikwisha kuandika ubaoni: kulinda maisha na mali ya raia, kuzuia uhalifu, kukamata wahalifu na kuwafikisha mahakamani. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu. Kama hizo ndizo kazi zao, mbona unga bado unauzwa mtaani kwetu? Polisi ni wachache, au hawataki?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, maana wengi wao wanakaa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, na walijua kwamba swali si la mzaha. Nami sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia, "Kaa chini, nitakujibu." Makala hii ndiyo jibu langu. Nimelisoma jambo hili kwa mihula miwili, na nimeona nilieleze mbele ya wote: wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi. Mwishoni nitaeleza kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawafundisha wengine kana kwamba mimi sina lawama.

Mzigo unatoka wapi

Heroini, ambayo vijana huiita unga, hutengenezwa kutokana na afyuni, yaani utomvu wa mmea wa mpopi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya afyuni ya dunia ililimwa Afghanistan. Kutoka huko unga hupelekwa mpaka pwani ya Makran, katika nchi za Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini, ukavushwa Bahari ya Hindi mpaka pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Wachunguzi huiita njia hii njia ya kusini. Ni bahari ile ile iliyowaleta babu zetu wa pwani tende na mazulia.

Ushahidi wa njia hii upo. Mnamo Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa katika mkoa wa Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ililisimamisha jahazi moja karibu na pwani ya Kenya, ikakuta ndani yake kilo 1,032. Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kilimo hicho kilikuwa kimepungua kwa asilimia 95 hivi. Lakini biashara haikufa. Akiba ya zamani ilikuwapo, tena dawa nyingine ya kemikali, methamfetamini, hupita njia hiyo hiyo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kilo moja ina gramu 1,000. Tukikisia kwamba muuzaji wa mtaani hutoa kete kumi katika kila gramu, basi kilo moja ni kete 10,000. Kwa hiyo askari watakaoizuia kilo moja baharini au bandarini wamewapunguzia wenzao wa mtaani kazi ya kuzitafuta kete 10,000, moja moja, katika mifuko ya watu na katika nyufa za kuta. Kumbuka hesabu hii, kwa maana nitairudia.

Hesabu ya askari

Mwanafunzi wangu aliuliza kama polisi ni wachache. Katika mazungumzo juu ya polisi Afrika ya Mashariki aghalabu hutajwa kwamba askari mmoja yafaa awalinde watu 450. Sisemi kwamba tumefikia kiasi hicho. Nasema tukichukue tuone kinatufikisha wapi.

Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Yaani kwa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja. Ukigawa hesabu ya mwaka 2022 kwa 450 utapata karibu askari 12,000.

Lakini askari si nguzo ya taa, isimame pale pale usiku na mchana. Wiki moja ina saa 168. Tuseme askari afanya kazi saa 48 kwa wiki. Gawa 168 kwa 48, utapata tatu na nusu. Ongeza likizo, ugonjwa, mafunzo, na siku za kwenda mahakamani kutoa ushahidi, utaona kwamba kulinda pembe moja ya mtaa saa zote kunataka askari wanne. Basi hata wakiwapo wote 12,000, walio kazini kwa wakati mmoja ni 3,000 tu. Hapo askari mmoja anawaangalia watu karibu 1,800. Tena katika hao 3,000 wako wa barabarani, wako wa kaunta, wako walinzi wa mahabusu, na wako wapelelezi wenye majalada ya wizi na mauaji mezani pao.

Hivyo basi jibu la kwanza ni hili: ndiyo, polisi ni wachache, na hata wakiongezwa, jambo ambalo ni la haki, bado watakuwa wachache wakisimamishwa peke yao. Hakuna serikali duniani iwezayo kumweka askari katika kila kichochoro.

Kwa nini Kariakoo ni vigumu zaidi

Jina la Kariakoo latokana na maneno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliobebea jeshi la Waingereza mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ambao walikuwa na kambi yao hapo. Soko kuu lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Lakini biashara yenyewe haijapata kukaa ndani ya jengo moja. Imejaa mitaa ya Msimbazi, Congo, Swahili, Sikukuu na Mkunguni, ghorofani na chini, dukani na barazani.

Hapa sensa yetu inatudanganya kidogo. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Kariakoo usiku ule ina wenyeji wake tu. Lakini saa nne ya asubuhi ina wenyeji, wachuuzi kutoka Mbagala na Gongo la Mboto, wanunuzi wa mikoani, na wageni wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa tena biashara ya saa 24. Anayepanga askari kwa kutazama idadi ya waliolala, anawapangia watu wachache kuliko walioko.

Tena tazama mzigo unavyosafiri. Unashuka katika lori, unapanda mkokoteni, unabebwa begani na mpagazi, unalala stoo, unachukuliwa na bodaboda, unapakiwa basi la mkoani. Kila mmoja aona kipande chake tu. Adabu ya biashara ni kutouliza kilichomo ndani ya katoni ya mtu. Nami nasema wazi kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo ni watu wa jasho na haki. Lakini mhalifu hujificha penye watu wema wengi, kama mwizi ajifichavyo katikati ya harusi.

Ushirikiano ni mnyororo

Basi kama hesabu ya askari haitoshi, kinachobaki ni ushirikiano. Neno hili hutumiwa sana katika hotuba, na kwa hiyo limechakaa. Na tulitazame kama fundi atazamavyo mnyororo, pete moja moja.

Pete ya kwanza ni ya serikali yenyewe. Sheria ya mwaka 1995 iliunda Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa za kulevya. Tume iliweza kuratibu na kuelimisha, lakini haikuwa na mamlaka ya kukamata wala kupekua. Aliyejua hakuweza kukamata, na aliyeweza kukamata alikuwa idara nyingine. Kwa hiyo mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria mpya iliyounda Mamlaka yenye nguvu za kupeleleza, kupekua na kukamata, na mwaka 2017 aliteuliwa Kamishna Jenerali wake wa kwanza. Hata hivyo Mamlaka haifanyi kazi peke yake. Yahitaji polisi, forodha, uhamiaji, bandari na viwanja vya ndege.

Pete ya pili ni ya ushahidi. Askari akikamata unga, kazi ndiyo kwanza imeanza. Lazima kielelezo kipimwe, kifungwe, kitiwe lakiri na sahihi mbele ya shahidi. Lazima kipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, maana macho ya askari hayawezi kuapa kwamba unga mweupe si unga wa muhogo. Lazima kila mkono uliokipokea uandikwe, tangu kilipokamatwa mpaka kinapoletwa mbele ya hakimu. Mkono mmoja ukikosekana katika maandishi, wakili atauliza kilikuwa wapi usiku ule, na mshtakiwa aweza kuachiliwa. Wananchi husema, "Polisi wamemwachia." Mara nyingine si polisi waliomwachia, ni karatasi moja iliyokosekana. Kwa hiyo askari mmoja aliyefunzwa vizuri kutunza kielelezo ana faida kuliko kumi wasiofunzwa.

Pete ya tatu ni ya nchi na nchi. Jahazi halina uraia wa polisi wetu. Mwaka 1988 Umoja wa Mataifa ulifanya mkataba wa kupambana na biashara hii, nao uliwekea nchi wajibu wa kusaidiana katika upelelezi na katika kuwapeleka washtakiwa. Mwaka 1998 wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki walianzisha umoja wao mjini Kampala, na ofisi yake imewekwa Nairobi pamoja na ofisi ya Interpol ya eneo hili. Mfano wa faida yake ni kesi ya ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha. Walikamatwa Novemba 2014 kwa ushirikiano wa polisi wa Kenya na Wamarekani, wakapelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa mwaka 2018. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Kesi hiyo ina funzo la pili, nalo ni chungu. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba kwa miaka mingi ndugu hao walikuwa wakiwahonga maofisa huko kwao, wakiwamo polisi na watu wa mahakama. Hapo swali la mwanafunzi wangu, "au hawataki?", lapata jibu lake. Wengi wa askari wanataka. Lakini askari mmoja aliyenunuliwa huvunja kazi ya mia, kwa kuwa yeye yumo ndani ya mnyororo. Ukiwaongeza askari bila ya kuwalinda na rushwa kwa mshahara wa haki, usimamizi na adhabu, umeongeza pete dhaifu.

Pete ya nne ni ya mtaa: mjumbe, serikali ya mtaa, polisi kata, ulinzi shirikishi, mwalimu, mzazi. Pete hii haina bunduki wala gari. Ina macho. Na hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine niliyokuwa nikifundisha, nilikuwa na mwanafunzi hodari sana wa hesabu. Alikaa na bibi yake karibu na soko, na baada ya masomo alikuwa akibeba vifurushi vya wateja apate nauli na daftari. Muhula mmoja alianza kuja na simu mpya. Baadaye akaanza kusinzia darasani, akijikuna mikono. Asubuhi moja, nikipita nyuma ya ukuta wa shule, nilimwona amesimama na mtu mzima nisiyemjua. Mtu yule alimpa kitu kidogo kilichofungwa katika nailoni. Kijana akakitia ndani ya soksi.

Niliona vizuri kabisa. Nami nilipita. Nilijiambia kwamba hiyo si kazi yangu, ni kazi ya polisi. Nilijiambia tena kwamba nikisema, kabla ya magharibi jina langu litakuwa limekwisha kumfikia mtu yule, nami nina watoto. Mwaka uliofuata kijana aliacha shule.

Mwaka jana nilikutana naye katika kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani. Alikuwa amekonda, lakini nguo zake zilikuwa safi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

Aliniambia kwamba alitumia unga miaka mitano, na kwamba sasa kila siku huenda hospitali kunywa methadoni. Dawa hii hutolewa mbele ya muuguzi, nayo humwondolea mgonjwa arosto, yaani yale maumivu ya kuukosa unga, apate kuishi na kufanya kazi. Huduma hii ilianza Muhimbili Februari 2011, kisha ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Nilimpongeza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, siku ile pale ukutani ulituona. Nilikuona ukituona."

Nikasema, "Ndiyo, niliwaona."

"Siku nzima nilingoja kuitwa ofisini. Niliogopa kuitwa, na tena nilitaka niitwe. Saa nane kengele ikalia, tukaenda nyumbani."

Basi lake likaja, akapanda.

Nimeihesabu siku ile mara nyingi. Kama polisi mjini wangekuwa 12,000 au 50,000, hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa nyuma ya ukuta ule asubuhi ile. Mimi nilikuwapo. Askari wa zamu nilikuwa mimi, nikaacha lindo.

Tufanye nini

Kwanza, wanafunzi. Msiwe wapelelezi. Msimfuate mtu, msimpekue, msimpige. Kazi hizo zina wenyewe, tena zina hatari. Kazi yenu ni mbili tu. Usibebe kifurushi usichokijua kilichomo, hata ukipewa nauli ya mwezi mzima. Na ukiona jambo, mwambie siku hiyo hiyo mtu mzima unayemwamini: mzazi, mwalimu au mjumbe. Mamlaka pia hupokea taarifa kwa simu namba 119 bila malipo.

Pili, walimu wenzangu. Mtoto akisinzia wiki nzima, mwiteni. Pengine ana njaa, pengine ana malaria, pengine anangoja kuitwa. Kumwita si kumshtaki.

Tatu, wazazi. Ulizeni fedha mpya imetoka wapi kabla hamjaifurahia. Na mtoto akiwa amekwisha kuzama, msimfiche ndani kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtumiaji ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali, na muuzaji mkubwa ndiye wa kupelekwa mahakamani, ambako sheria yaweza kumfunga maisha. Kuwakusanya wagonjwa kumi kila jioni kwaonyesha kazi imefanyika, lakini rudieni ile hesabu ya kete 10,000: wagonjwa kumi hawafiki hata kwa mwenye gramu mia.

Nne, polisi, ambao baadhi yao ni wazazi wa shule hii. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi imekuwapo tangu mwaka 2015. Lakini raia hajui sheria kwa kuisoma, huijua kwa kuona. Akitoa siri yake asubuhi na ikabaki siri mpaka mwaka, atakuja tena, na atamleta jirani. Ikivuja mara moja, mtaa mzima utafunga mdomo, na hapo hata mkipewa magari na askari wapya mtakuwa mnatafuta gizani. Siri ya raia ikitunzwa yafaa kuliko kituo kipya.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule kijana wa Kidato cha Tatu. Polisi ni wachache, ni kweli. Lakini uchache wao huzidi kila mmoja wetu anapoona akapita. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi siwezi kuirudisha asubuhi ile, ila sasa nimebadili njia yangu: kila siku kabla ya kengele ya kwanza hupita nyuma ya ukuta wa shule, na kila nikiona mtoto amesimama pale, husimama nami.

Maswali ya kujipima

1. Soko moja lina milango kumi, na kila mlango unataka askari mmoja saa zote. Kwa hesabu ya makala hii, wanahitajika askari wangapi?

2. Kwa nini idadi ya sensa haitoshi kupangia askari mahali kama Kariakoo?

3. Taja mikono yote inayopokea kielelezo tangu kinapokamatwa mpaka mahakamani. Eleza yaweza kutokea nini mkono mmoja ukikosekana katika maandishi.

4. Jadilianeni nyumbani pamoja na wazazi: je, mtu wa mtaani kwenu akitaka kutoa taarifa leo, atakwenda kwa nani, na kwa nini amwamini?